Kufuli la Dada

4 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni binti wa kaka yako. Uliniona mara moja tu, kwenye msiba wa Bibi, na hata siku hiyo hukuniona vizuri kwa sababu nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni. Shuleni wananiita Kobe, kwa kuwa nikiulizwa swali navuta kichwa ndani. Kwenye simu ni mbaya zaidi, ulimi unakuwa gogo. Ndiyo maana naandika. Anwani nimepewa na Mama, ambaye amesema akiulizwa yeye hajui lolote.

Nasoma shule ile ile mliyosoma wewe na Baba. Wenzangu wakienda uwanjani, mimi nabaki maktaba kumsaidia Mkutubi. Bado yupo. Ana miwani ya karibu na miwani ya mbali sasa, zote kamtengenezea Baba. Ile kompyuta ya dirishani nayo bado ipo, na ndani yake kuna Mwongozo wa Ndege wa Shule, ule mlioanzisha nyinyi wawili. Nimeusoma mara nyingi kuliko kitabu chochote cha mtihani.

Shida yangu ni hii. Mwongozo unatunzwa na ile programu kongwe ya kutunza matoleo. Mkutubi alinieleza inavyofanya kazi: ukitaka kuandika, unalichukua faili kwa kufuli, na hapo wengine wanaweza kulisoma tu, hawawezi kulibadilisha. Ukimaliza unalirudisha na maneno machache ya kueleza ulichobadilisha, na programu inaweka toleo jipya pamoja na yote ya zamani. Vizuri sana. Lakini kila tukitaka kulichukua, inajibu kwamba limefungwa na "dada". Dada ni wewe. Baba alikuwa "kaka". Limefungwa tangu ulipomaliza shule.

Mkutubi ana sheria moja: aliyeshika kufuli ndiye mwenye neno, wengine wasubiri. Kwa hiyo tumesubiri. Mwanafunzi akiona ndege mpya anamwandika kwenye kipande cha karatasi na kukitia katika kopo la biskuti, mpaka utakaporudi. Kopo limejaa, tumeanza la pili. Mimi mwenyewe nina mbayuwayu waliojenga juu ya feni ya darasa la sayansi, ile isiyozunguka, na nimewaandikia ukurasa ambao nadhani ni mzuri. Natamani ukurasa huo uingie kwenye Mwongozo kabla sijamaliza shule.

Sasa juzi Fundi wa kompyuta alitutangazia kwamba baada ya likizo fupi atatuwekea mfumo mpya. Alituachia karatasi ya mabadiliko. Karibu na mwisho imeandikwa kwamba zana kongwe za kutunza matoleo zimeondolewa katika mfumo wa msingi. Na jina la aliyependekeza ziondolewe ni lako.

Nimeisoma karatasi hiyo mpaka imelainika. Sielewi. Umefunga mlango, ukaondoka na ufunguo, na sasa unang'oa mlango wenyewe? Samahani, sikusudii kukosa adabu. Mwalimu mkuu amesema kitu chochote ambacho watu hawawezi kukitumia katika mfumo mpya kitafutwa muhula ukiisha. Nakuomba ulifungue faili kabla Fundi hajaja. Na kama tulikukosea, niambie tulikosa nini.

Mtoto wako,
Kobe


15 Februari

Binti yangu Kobe,

Marahaba, na marahaba tena. Nakukumbuka vizuri sana: niliona vidole vya miguu chini ya mlango. Barua yako imenichekesha na imenichanganya, sijui kipi kilitangulia.

Nianze na ninalolijua. Kazi yangu, mimi na wenzangu waliotawanyika kila mahali, ni kutunza mfumo endeshi wa kompyuta. Mfumo wa msingi ni vile vitu vinavyokuja vyenyewe siku ya kwanza, kama nyumba inavyokuja na milango na bomba la maji. Zana zile tulizirithi. Lazima mtu azikague, azibe nyufa zake, azipatanishe na vitu vipya, na mtu huyo ni mimi. Niliwauliza wenzangu, kuna anayezitumia? Mzee mmoja akajibu, "Nazipenda." Nikamuuliza, unazitumia? Akajibu, "Nimesema nazipenda." Basi nikapendekeza. Kuondolewa si kuuawa, mwanangu. Anayezitaka anaziita kwa amri moja tu, zinakuja zenyewe kwa mtandao. Mwambie Fundi.

La kufuli silielewi. Mimi nilirudisha faili kabla ya kuondoka, nakumbuka hata maelezo niliyoandika. Ama Mkutubi amechanganya, ama programu imechanganya. Ni kongwe, nimekwambia.

Na hilo la kukosewa. Ni baba yako aliyekutuma? Kama ni yeye, mwambie ana mikono. Mwongozo ule tuliuandika kwa zamu, na nilipoondoka zamu ilikuwa yake. Hakuandika hata mstari mmoja. Mtu akikunyamazia utamfanya nini? Nami nikamnyamazia. Namba yake niliyo nayo siku hizi inapokewa na mtu anayeuza magodoro.

Soma kwa bidii, na umsalimie Mkutubi.

Shangazi yako


18 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Najua barua yangu ya kwanza labda bado haijajibiwa, lakini mambo yamenikimbia. Fundi hakungoja likizo. Nilipofika maktaba alikuwa ameshamaliza, anakunja waya zake.

"Nimewawekea mpya, inang'aa," akasema.

Mkutubi akamuuliza, "Na ndege?"

"Ndege gani, Mama?" Akatazama dirishani.

Nilijaribu kulichukua faili. Zamani tulijibiwa kwamba limefungwa na dada. Sasa tunajibiwa kwamba amri haijulikani. Nimelitamani jibu la zamani. Angalau lile lilikuwa linakutaja.

Faili lenyewe lipo. Nililifungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Toleo la mwisho liko zima, lakini chini yake matoleo ya zamani yamekuwa vipande vipande: futa mstari huu, ongeza mingine pale, bila kusema ni ndege gani. Shomoro amepata miguu ya korongo. Sijui kama ndivyo lilivyokuwa ndani siku zote, au nimeliharibu mimi kwa kulifungua. Sikubonyeza kuhifadhi. Nililifunga haraka.

Juu kabisa, kabla ya ndege wote, kuna neno la kufuli na mbele yake "dada". Nimekuchapia sehemu hiyo yote ya mwanzo bila kuisoma zaidi, uone mwenyewe.

Mkutubi aliyachukua makopo yote mawili akayapandisha juu ya kabati, mahali ambapo mtu mfupi hafiki. Mimi ni mfupi. Kisha Mwalimu mkuu akapita na kuuliza, "Hilo faili lenu linafunguka?" Nikasema ndiyo. Haukuwa uongo, lakini haukuwa ukweli pia. Akanitazama.

"Kufunguka ni mtu aweze kuandika, Kobe. Muhula ukiisha nalifuta."

Nifanye nini?

Kobe


26 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika, nimeisoma pale pale getini. Asante kwa vidole vya miguu.

Hiyo amri moja tumeijaribu. Fundi aliiandika kwa kidole kimoja, kwa madaha. Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikasema haioni mtandao. Maktaba haina mtandao, Shangazi. Haijawahi kuwa nao. Fundi akasema, "Shangazi yako ana bomba ndani, basi anadhani dunia nzima ina bomba ndani." Nilikuwa nimemsomea ule mfano wako wa nyumba. Najuta.

Baba hakunituma. Hakujua hata kama nimekuandikia. Lakini umesema hakuandika hata mstari, na jambo hilo halikunitoka akilini, kwa hiyo jana nilikwenda dukani kwake. Alikuwa anampima macho dereva mmoja wa lori.

"Baba, Shangazi alipoondoka, kwa nini hukuandika kwenye Mwongozo?"

Akaendelea kugeuza lenzi. "Soma mstari wa chini," akamwambia dereva.

"Naona kama mchwa wanatembea."

"Baba."

"Nani amekuambia sikuandika?"

"Yeye."

Hapo akaiweka lenzi chini. Nikamweleza yote, barua na karatasi ya Fundi, haraka haraka kabla kichwa hakijarudi ndani. Akasikiliza. Halafu akasema, "Aliyefunga mlango ndiye anayeuliza kwa nini sikuingia?"

"Anasema hakufunga."

"Nilikwenda pale siku aliyoondoka, nikakuta limefungwa kwa jina lake. Na sababu niliijua. Tulikuwa tumegombana juu ya yule ndege wa kwenye tangi la maji. Yeye kaandika kozi, yule ndege mwindaji wa mkia usiogawanyika. Mimi nasema mwewe, mkia wake una panda kama manati, hata kipofu anauona. Akaona afunge aondoke, neno lake libaki. Toka siku hiyo sijaufungua Mwongozo tena."

"Ndege?" dereva akauliza. "Mmenuniana kwa ajili ya ndege, watu wazima?"

"Tulikuwa vijana."

"Na sasa?"

"Sasa miwani yako njoo uichukue Ijumaa," Baba akasema.

Shangazi, yeye anasema ulimfungia. Wewe unasema ulimwachia zamu. Nimemtazama usoni na nimeutazama mwandiko wako, na naona wote mnasema kweli, na sijui inawezekanaje. Na kuna jambo jingine. Mimi ukurasa wa tangi la maji naujua kwa moyo. Pameandikwa mwewe. Hakuna kozi popote. Nilitaka kumwambia hivyo Baba, lakini dereva alikuwa ananitazama.

Kobe


2 Machi

Kobe wangu,

Nimepata ile barua yako ya Fundi na shomoro. Hujaharibu kitu. Faili la aina ile ndani huwa hivyo hivyo: toleo la mwisho linakaa zima, na ya zamani yanakaa kama maagizo ya kurudi nyuma. Programu ndiyo inayoyaunga. Pumua.

Lakini karatasi uliyonichapia imenikalisha kitako. Dada. Ni mimi kweli. Na mimi ndiye mtunzaji wa programu hiyo hiyo, ninayewafundisha watu namna ya kurudisha mafaili! Kuna njia moja ya kurudisha ambayo inahifadhi toleo lako lakini inakuachia kufuli mkononi, ili uendelee kuandika. Nilikuwa na mazoea nayo. Nadhani siku ile mkono ulikwenda kwa mazoea. Nasema nadhani. Nikijaribu kukumbuka naona mfuko wangu mlangoni na gari linapiga honi, basi.

Maelezo nayakumbuka, na nimeyaona kwenye karatasi yako: "Ni mwewe. Kaka alikuwa sahihi." Nilisahihisha ukurasa ule asubuhi ya kuondoka. Tulikuwa tumegombana sana juu ya ndege huyo, na nikaona nimwombe radhi mahali ambapo si lazima nimtazame usoni. Halafu nikangoja anitanie. Mtu ambaye hata nikipiga chafya alinitania! Aliponyamaza nikajua radhi yangu haikutosha. Au hakuisoma? Mbona asiisome? Kusoma hakuhitaji kufuli. Sielewi, Kobe.

Muulize Mkutubi kama maktaba ina mtandao. Nimeanza kuwa na wasiwasi. Endapo hakuna, nimetia flashi humu. Ina zana zote na maelezo ya hatua kwa hatua. Ziweke, kisha vunja kufuli langu. Ndiyo, huvunjwa. Yeyote mwenye ruhusa ya faili anaweza, siku yoyote, angeweza miaka yote hii. Ukivunja, programu itakutaka uandike sababu, na sababu hiyo inatumwa kama barua kwa aliyekuwa na kufuli, asije akashangaa. Niandikie chochote.

Najua utaniuliza kama nitazirudisha zana katika mfumo wa msingi. Nimelifikiria hilo nikitembea, na jibu ni hapana. Kitu kinachoingia kwenye bahasha kinaweza kusafiri kwa bahasha. Usinichukie.

Shangazi yako


9 Machi

Kobe,

Barua yako ya duka la miwani imefika leo, na yangu yenye flashi iko njiani kuja kwako. Zimepishana kama watu wanaotafutana sokoni, huyu kaingia huku, yule katokea kule.

Nimesoma maneno ya baba yako nikiwa jikoni, maziwa yakamwagika yote. Sasa sikiliza: nilikwambia uvunje kufuli. Usivunje. Mwachie yeye. Au msivunje kabisa, nije nilifungue kwa mkono wangu? Sijui. Mwambie kwamba... hapana, usimwambie kitu, mwonyeshe tu ukurasa wa tangi la maji. Mtu nimekula naye sahani moja utoto mzima, sasa natafuta neno la kumwambia silipati.

Mwambie Fundi ana haki kuhusu bomba. Kwenye karatasi ya mabadiliko nimeongeza maelezo kwa wasio na mtandao.

Shangazi


14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Flashi imefika, ikiwa ndani ya soksi. Nakueleza yaliyotokea kama yalivyotokea, kwa sababu mimi mwenyewe sijui yana maana gani.

Nilimpa Baba barua yako ya tarehe pili aisome. Sikukuomba ruhusa, nisamehe. Aliisoma na miwani, akaivua, akaisoma tena bila miwani, ambako najua haoni kitu. Kisha akavaa koti na kuanza kufunga duka, na yule dereva wa lori, aliyekuwa safarini, ndiyo kwanza anafika mlangoni.

"Ulisema Ijumaa!"

"Leo si Ijumaa?"

"Ndiyo Ijumaa!"

"Basi njoo Jumamosi," Baba akasema, tukaondoka.

Maktaba nilifuata hatua zako, Fundi akinishikia karatasi. Zana ziliingia. Nikaliomba faili, na jibu likaja kwamba limefungwa na dada. Mkutubi akapiga makofi kana kwamba amesikia ameshinda bahati nasibu.

Baba hakutaka kuvunja kwanza. Alisema anataka kusoma. Alisoma ukurasa wa tangi la maji, kisha maelezo yako, yale maneno matano, na yalimchukua muda ambao mimi humaliza sura nzima.

"Baba, mbona hukusoma wakati ule?"

"Nilikuwa nimekasirika. Mtu aliyekasirika hasomi."

Hilo ni jibu? Mimi nikikasirika ndipo ninaposoma.

"Haya, vunja," akaniambia.

"Hapana. Vunja wewe." Sijui sauti ile ilitoka wapi. Hata Fundi aligeuka.

"Mmoja wenu avunje," Mkutubi akasema, "nina maktaba ya kufunga."

Basi Baba akavunja. Programu ikamtaka sababu. Akatuamuru sote tugeuke tutazame rafu ya jiografia, nasi tukageuka, hata Mkutubi. Tulisikia vidole vyake, kimoja kimoja, vikisimama, vikienda tena. Halafu akauliza, "Hiki kitu kinaisha vipi? Naandika tu hakisemi basi." Nikamwambia aandike nukta peke yake kwenye mstari.

"Nukta tu?"

"Nukta tu, Baba."

Kisha akanipa zamu. Shangazi, nimewaandika mbayuwayu wangu. Nimewaingiza kwa mkono wangu mwenyewe na nimerudisha faili, na kwenye maelezo nilishindwa kupata maneno mazuri nikaandika: "Wapo juu ya feni." Mwalimu mkuu alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma ukurasa wote, akasema, "Kumbe hawa ndio wanaochafua meza za sayansi," akaenda zake. Mkutubi anasema maana yake hatafuta. Nimemuuliza ana hakika gani, akasema amefanya kazi na walimu wakuu wengi.

Nilipomaliza, Baba akakaa tena kwenye kiti. Nilidhani anaandika. Kumbe amelichukua faili kwa kufuli lake, akasimama, akaenda nyumbani akipiga mluzi. Sasa ukiliomba unajibiwa kwamba limefungwa na kaka. Makopo yamerudi mezani, lakini hatuwezi kuingiza karatasi zake, na safari hii Mkutubi hana wasiwasi hata kidogo. Anacheka peke yake.

Barua ya sababu haikuweza kutoka, hakuna mtandao, ikabaki katika sanduku lako la zamani ndani ya kompyuta. Nimeichapa, ndiyo hii chini. Nimeisoma, sikuweza kujizuia. Mmepatana, au mmeanza upya? Na huyo ndege anayemtaja, nimekwenda kumtazama mara mbili. Juu ya tangi hakuna ndege yeyote.

Kobe


Kwa: dada
Kutoka kwa: kaka
Kufuli lako kwenye faili la Mwongozo limevunjwa. Sababu iliyotolewa ni hii:

Dada,

Programu yako inataka sababu kama hakimu. Sababu ni kwamba mtoto ana mbayuwayu wake, nao hawakutukosea.

Nimesoma. Kumbe nilishinda siku ile ile, na hakuna aliyeniambia. Miaka yote hii nimekasirika kama mtu aliyeshindwa. Kwenye msiba wa Mama nilikupa mkono nikitazama ukuta, na wewe ukatazama ukuta wa pili, na watu wakasema tuna majonzi.

Usiniombe radhi tena. Hiyo uliyoandika inatosha, ingawa ungeweza kuongeza kwamba nilikuwa sahihi pia kuhusu korongo.

Sasa kuna ndege mwingine juu ya lile tangi. Napita pale kila asubuhi. Si mwewe, si kozi, na mimi simjui. Mtoto akimaliza zamu yake nalichukua faili mimi, na sitaandika jina la ndege huyo mpaka uje umtazame kwa macho yako. Usinitumie flashi. Macho yenyewe njoo nikupime, maana yalikuwa mabovu tangu zamani.

Njoo. Najua utasema ni kozi.

.